Kwa Mkono Wangu

Wameziweka chini ya kioo, huko Nyegezi,
katika chumba chenye feni inayolalamika,
na kibandiko: *Barua alizopokea Dkt. Bigirwa
kutoka kwa mtoa taarifa wake wa Ukara.*
Mtoa taarifa!
Shangazi angecheka mpaka khanga imdondoke.
Hakuwahi kushika kalamu.
Mwandiko ule ni wangu,
zile g zenye mkia wa mjusi,
na lile doa la mafuta ya dagaa pembeni mwa Machi
nililifuta kwa mate, likaenea.

Jioni, akishageuza dagaa juu ya jabali,
alinawa, akakaa, akasema: Andika.
Andika, furu wa tumbo jekundu hatumwoni
tangu mahindi yatoe ndevu.
Andika, sangara mmoja tumempasua,
tumboni tumekuta sangara wadogo watatu.
Andika, maji ya ghuba yananuka chungu kisichooshwa,
na giza la mwezi huu karabai zimerudi na mitumbwi mitupu.
Nami niliandika, ulimi nje,
neno kwa neno, kama mtu anayehesabiwa chenji.

Kisha alinyamaza kidogo,
akatazama pale ambapo hapakuwa na kitu.
Andika, kigoda chake hakikaliwi na mtu.
Andika, lile shati alilolisahau kwenye kamba
nimelifua tena, ingawa halikuchafuka.

Nikapitisha kalamu juu ya karatasi bila kuigusa,
nikapiga chafya ya uongo,
nikaandika: *Wasalaam.*

Hayo si ya samaki, nilijiambia.
Daktari ana haja gani na kigoda.

Majibu yalikuja na boti ya Jumatano,
bahasha ikinuka dawa ya kuhifadhia samaki.
Ukurasa wa kwanza nilimsomea wote:
urefu wa pezi, kina cha wavu,
asante sana kwa ule mfupa wa taya.
Ukurasa wa pili ulianza *Nyangeta*,
bila Bibi, bila namba ya sampuli:
*Umenifundisha ziwa lote, ila kona moja.
Nikija mvua zikikatika, nitakuta mlango?*

Ndiyo mwisho? akauliza Shangazi.
Anakusalimu.
Sana?
Sana.

Msinitazame hivyo.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Mama alikuwa chini ya mawe ya Bwisya.
Nilikuwa na sufuria moja, mkeka mmoja, mtu mmoja,
na Mwanza ilikuwa mahali
ambako watu walikwenda na masanduku
zikarudi salamu.

Mvua zikakatika. Zikaanza tena.
Barua za Daktari zikawa za ukurasa mmoja,
*Kwako Bi. Nyangeta*, vipimo, tarehe, sahihi.
Akasifika. Redio ikamtaja akipewa nishani,
na Shangazi akaongeza sauti,
akaendelea kupepeta dagaa, mchanga ukiruka,
akiinua uso kila aliposikia neno ziwa.
Shati lile tulimzika nalo.
Alikuwa amelitaka yeye, hakusema kwa nini,
na mimi, msomaji wake, sikuuliza.

Sasa binti wa makumbusho, Kabula, ananiambia:
Mzee, lugha yake kavu kweli!
Hakuna hata neno moja la pembeni.
Huyu naye alikuwa mwanasayansi.
Ananipa fomu ya kuthibitisha
kwamba barua ni kamili, hazikupunguzwa.
Weka sahihi hapa, Mzee, kwa mkono wako.

Mfukoni ukurasa wa pili umekunjwa mara nne,
mikunjo imelegea kama kitambaa.
Feni inalalamika. Dirishani visubi wa ziwani
wamepanda wingu zima, hawajui pa kutua.
Nauweka ukurasa juu ya kioo.
Nachukua kalamu, na pale penye sahihi,
kwa g ile ile yenye mkia wa mjusi,
naandika, polepole, alivyosema:

*Kigoda chake hakikaliwi na mtu.*