Saa za Kitunguu

Thuweiba aliniletea mbegu toka Cardiff
ndani ya soksi ya mtoto,
pakiti mbili, moja imechanika pembeni.
Nyeusi, zenye pembe.
Mjukuu akadhani habasoda,
nusura azimwage juu ya mkate.

Hiyo ilikuwa Oktoba, hapa Ibra,
joto limeanza kulegeza meno.
Nikazigawa:
nusu kwenye vyungu na makopo ya samli
juu ya paa, kwenye kivuli cha tangi,
nusu nikampa Shofiqul azitie bandani,
lile banda la nailoni la shemeji yangu Muhenna,
lenye feni mbili na ukuta unaotiririka maji
na matango yasiyowahi kuonja upepo.

"Basali?" akaniuliza.
"Vitunguu."
Akalitafuna neno, akalitema upya: "Bitungu."
Tukaafikiana hapo.

Siku ya tisa zikachomoza.
Hakuna aliyewahi kuniambia
kwamba kitunguu huzaliwa kimerukuu:
goti kwanza,
uzi wa kijani uliokunjika,
kichwa bado kiko udongoni
kama kina nyiradi ndefu ya kumaliza.
Siku mbili, tatu,
ndipo kikasimama itidali,
ganda la mbegu nchani
mfano wa kofia aliyosahau kuivua.

Zamu yetu ya falaji ni nusu saa,
Jumatatu, kabla ya jua.
Nilikuwa naiba ndoo tatu za vyungu
mitende ikiwa bado usingizini.
Magoti yangu yanajua idadi ya ngazi.

Desemba, majani.
Januari, majani, manene, ya kujivunia.
Nampigia picha Thuweiba,
ananijibu kwa moyo mwekundu na dole gumba.
Februari nikafukua kwa kidole.
Shingo tu.
Nyeupe, nyembamba, haina tumbo.
Bandani vilevile. Shofiqul ameongeza samadi ya mbuzi,
amepunguza maji,
mwisho amevikemea kwa lugha ya kwao.

Muhenna alipokuja alicheka hadi akashika mlango.
"Shemeji, hiki ni kitunguu cha watu wa kaskazini.
Hakingojei maji wala mbolea,
kinangojea mchana wa saa kumi na sita.
Hapa hata Juni jua halifiki kumi na nne.
Kitangoja, kitangoja,
kitakufa majani."

Nikakaa juu ya kopo la samli lililopinduliwa.

Nilipotoka Wete nilikuwa na miaka kumi na tisa,
hina haijafutika miguuni.
Hapa walinipa kila kitu, siwasingizii:
maji, tende, godoro jipya, heshima.
Nikaota majani.
Wanawake wa mtaa wakasema mashaallah, ameshika.
Hakuna aliyefukua kwa kidole.
Miaka mingapi sijui, kisha asubuhi moja,
nikichambua mchele, nikajikuta nimejaa,
na mpaka leo siwezi kusema
ni mchana uliorefuka
au ni mimi niliyejifunza kuhesabu upya.

Usiku ule Thuweiba akapiga simu.
Huko kwao saa kumi na moja tu, giza limeshashuka,
mtoto anakohoa nyuma yake.
Nikamwuliza: "Mchana wa huko, mwanangu, unakutosha?"
Akadhani nauliza habari za kazi.
"Alhamdulillahi, mama, wameniongezea zamu."
Nikasema alhamdulillahi.
Kuhusu vitunguu sikumwambia.

Muhenna ameniahidi mbegu za Bahla,
zilizozoea jua la kwetu.
Oktoba, Mungu akipenda.

Majani sikuyang'oa.
Nayakata kwa mkasi, yanaota tena,
hayana kinyongo.
Leo nimeyakaanga na mayai,
na pilipili manga, na chumvi ya kukadiria.
Ladha ni ya kitunguu, kamili, haikupungua kitu.
Shofiqul alikula sahani mbili,
akafuta ya pili kwa mkate,
akaangalia nje, mbali kidogo kupita ukuta,
akasema, "Bitungu zuri, mama."