Nukta Arobaini na Moja

Mimi nilishika penseli, sikushika gongo.
Baba alikuwa gadi wa reli, ndiyo maana nikapewa kiti
na daftari la mikimbio,
siku mbili za kriketi, Tabora na Kigoma,
ugomvi wa kila mwaka, na kila mwaka tuliwazika.

Kigoma wakamleta Ntibashima, karani wa mizigo,
gongo lake kalipaka mawese
hadi limekuwa jekundu kama ulimi.
Jumamosi mkeka wa katani ulikazwa misumari,
changarawe chini yake kavu kama kikaango.
Mihambo akaja mbio toka upande wa ghala la tumbaku,
mpira ukaruka, ukatafuta kidevu.
Ntibashima akafyeka kama wanavyofyeka kwao,
mguu mbele, mtu anayefungua mlango kwa bega.
Minne. Kisha vijiti vikalala.
Tulicheka. Nikaandika "minne" kwa mwandiko wangu bora.

Usiku ikanyesha.

Jumapili alirudi mtu mwingine ndani ya shati lilelile.
Akachuchumaa, akaubonyeza mkeka kwa kidole gumba
kama anayechagua parachichi sokoni.
Mguu ukarudi nyuma. Mikono ikalegea.
Akaungoja mpira uje, uchoke,
akaugusa tu,
kama umwondoavyo sisimizi shingoni mwa mtoto.
Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho:
yeye alifumba moja, la pili akalikodoa.

Mihambo akaapa. Akaitwa Karsandas wa duka la vitambaa,
vidole vilivyozoea kupima doti
vikausokota mpira, ukapinda.
Ntibashima akapiga hatua mbili,
akakutana nao kabla haujasema uongo wake.

Nukta. Nukta. Nukta.
Mpira bila mkimbio ni nukta, nami niliziandika
arobaini na moja mfululizo.
Shuleni nilifundishwa nukta ni mwisho wa sentensi.
Siku ile ilikuwa mtu anavuta pumzi.

Hamsini. Sitini na tatu.
Watu wa Gongoni waliokuja kuzomea
wakaanza kuhesabu naye, chinichini, wakiona haya.
Ilibaki sita, wiketi moja,
garimoshi la Kigoma likapiga honi.
Gadi alikuwa baba. Hakuwahi kumsubiri mtu,
hata mimi siku nazaliwa.

Sare.

Akapita mezani pangu, begi begani,
akaweka kidole juu ya ile minne ya Jumamosi.
"Hii umeiandika vizuri," akasema.
Kidole kikaacha doa la mawese.
Bado lipo.