Hapakuwa na Maji ya Chumvi

Mwalimu Klavdia Ignatyevna, Irkutsk, mwaka wa sabini na nane,
aliandika ubaoni kwa chaki iliyolia:
Ukoloni huvuka bahari.
Akachora meli, akachora mshale, akachora Afrika
mfano wa figo, na pembeni mwa figo akatia nukta:
"Hapo ndipo kwenu, ndugu yetu."
Nikanakili. Nilikuwa na bidii,
na koti la kuazima, na meno yasiyotulia.

Sikunyanyua mkono kusema
kwamba Kigoma haijawahi kuonja chumvi.
Mjerumani alitujia kwa mataruma,
taruma baada ya taruma, hadi nchi ikamwishia ziwani.
Hata meli yake ilikuja na reli,
vipande ndani ya makasha,
ikagongwa misumari hapa hapa, mbele ya macho ya babu.

Dorzhi alilala kitanda cha juu. Mburyat. Mtoto wa ziwa kama mimi.
Usiku tulibishana ziwa la nani lina kina.
Lake lilishinda. Nikakubali shingo upande,
nikamwambia, haya, lakini letu lina mgebuka.
Siku ile ya chaki alirudi bwenini,
akachora reli peke yake kwenye karatasi ya sukari.
"Na hii," akauliza, sauti chini ya blanketi,
"hii ilipofika kwa babu yangu mimi, iliitwaje?"

Nikatazama mlango.
Nilikuwa mgeni. Mkate niliokula ulikuwa wao.

Sasa neno lile limerudi, linapigwa kama ngoma ya kuazima.
Jioni, hapa Mwanga, simu ya mjukuu inaninasia Kirusi:
bwana mmoja wa Moscow anaapa
kwamba wao hawakumtawala mtu, walipanuka tu.
Walipanuka! Kama unga wa maandazi.
Afrika anaililia kwa sauti kubwa;
akiulizwa habari za jirani yake, anakohoa.

Nikawaandikia niliosoma nao.
Zinaida wa Pskov akajibu kwa ukali: "Tuliwajengea shule!"
Sentensi hiyo naifahamu. Bwana DC wa Kasulu
aliisema kila mwaka, kofia mkononi.
Rinat wa Kazan alitania, akaulizia bei ya dagaa,
na mwisho kabisa, baada ya salamu, kana kwamba kalamu imemponyoka:
"Mambo mengine tunayasema jikoni."
Dorzhi alituma picha ya barafu. Hakuna neno.
Siku ya tatu likaja moja refu:
"Mjukuu wangu hajui kumwamkia bibi yake."

Nikakaa nimwandikie kwa hasira, hasira safi ya mtu asiyehusika.
Butoyi akaingia na uji.
"Mwakeye," nikamwambia.
Akacheka. "Babu, hicho nacho ni nini?"

Basi kalamu ikapoa.
Maana pale Kasulu kulikuwa na kibao chenye kamba,
cha kumvika shingoni anayesema Kiha darasani.
Nilikivaa siku mbili.
Siku ya tatu nikafanywa kiranja, nikawa mvikaji,
na nilikuwa na bidii, nimeshasema.
Kiswahili sikilaumu; ndicho ninacholilia humu.
Wala sisemi kibao ni sawa na bunduki.
Nasema kamba niliifunga mimi,
na kati yangu na shingo ya yule mtoto
hapakuwa na bahari.

Nikamjibu Dorzhi kwa Kirusi.
Hatuna lugha nyingine ya kulalamikia Kirusi.
Nikamwambia: reli yetu bado inaishia pale pale,
vyuma viwili vinagota kwenye kizuizi, mbele ni maji.
Nimeshuka leo alfajiri, nimeyachota kwa kiganja.

Matamu, ndugu yangu.
Hata chembe ya chumvi.