Nyuso Mbili Kambani

Thoriko, karibu na machimbo ya fedha,
nyumba ya mwisho kabla ya makaburi,
ndiko anakoishi Filina, mjane, mtengeneza nyuso.
Huloweka kitani katika gundi ya mifupa,
hukibandika juu ya kichwa cha udongo,
hungoja jua.

Mwaka huu wameagiza mfalme.
Mfalme mmoja, nyuso mbili:
ya asubuhi, ndevu zimechanwa,
kidevu juu kama cha mtu asiyedaiwa;
na ya jioni.
Ya jioni siielezi. Rangi ilimwishia,
akamalizia kwa masizi ya chungu.

Zilikauka siku tatu kwenye kamba moja,
zikipeana visogo kila upepo ulipovuma.
Mbuzi wa jirani akatafuna sikio la kushoto.
"Huyu kaisha kabla hajaanza," alisema Filina,
akalishona upya,
ingawa sikio la kufa, hata ulishone vipi...

Siku ya tamasha alikaa juu, pembeni kabisa.
Mfalme akatoka. Sauti ni ya Sosandro, muuza vitunguu,
lakini hakuna aliyenusa kitunguu.
Akaapa mbele ya mji:
Lango hili halifunguliwi usiku,
hata agonge nani.

Na alikuwa na haki. Adui aliwahi kupita hapo,
watu walizika watoto.
Kosa lake halikuwa uovu;
lilikuwa neno jema lisilojua kupinda.

Kisha mlango ukagongwa.
Sisi sote tulijua ni mwanawe.
Mchimbaji mmoja akasimama, vumbi mpaka kwenye kope,
akapiga kelele: "Fungua, baba! Fungua!"
Hakuna aliyemcheka.
Mfalme akasema, "Nimeapa."

Nyuma ya turubai, Filina alimwona kupitia upenyo:
Sosandro, uso mtupu,
uso wa jioni mikononi,
haivai.
Kwaya ikamaliza ubeti. Ikamtazama mpiga zumari.
Ikaurudia.
Mji mzima unajua alivyomfukuza kijana wake
kwa deni la magunia mawili.
Ubeti wa tatu ulipoanza
akaivaa, kama mtu anayeingiza kichwa kisimani.

Kesho yake alizirudisha, na fungu la vitunguu juu.
Ya asubuhi, kavu.
Ya jioni imelowa kwa ndani.
"Jasho," alisema Sosandro.

Filina hakujibu.
Aliitundika kambani,
upande wa ndani ukilielekea jua.