Namba Ubavuni

Kiangazi chote Verna Lahti alipiga kafi
hadi bega la kulia likamkatalia.
Basi akashika drili, mkono ukisita:
nani hutoboa kwa hiari kinachomwelesha?
Boliti nne, silikoni, mota ikakaa.
Betri akaiketisha ndani ya boksi la chambo.

Ofisini Marquette karani hakuinua macho.
"Kina mota?"
"Kina."
Basi ni chombo.

Jana kilikuwa plastiki ya kijani,
kikijulikana na sangara wawili watatu.
Leo kina herufi, kina namba, kinadaiwa ada.
Akazibandika ubavuni;
saba imepinda kidogo, akaiacha.

Ziwani akabonyeza swichi.
Ufuo ukarudi nyuma wenyewe.
Na bega, kwa kukosa kazi,
likaanza kuuma upya,
likikumbuka kafi.