Dakika Ishirini na Mbili

Diski ya nyumbani ina masharti kama mganga:
usiiguse tumboni, usiianike juani,
usizidishe saa mbili
ukitaka nyuso zibaki nyuso.
Ukiibana zikaingia saa sita,
macho ya mtu yanakuwa vigae,
theluji inakuwa uji.

Na sharti kubwa kuliko yote: ifunge.
Diski isiyofungwa humjua aliyeiandika tu.
Ipeleke kwa jirani, mashine ya jirani
itaizungusha, itakoroma, itaitema:
Hakuna diski.
Kumbe ipo, imeshiba, ila haisemi na wageni.

Mzee Hatakeyama aliingia dukani kwangu, Yokote, mwezi wa pili,
theluji mabegani, diski ndani ya soksi ya sufu.
Juu yake mwandiko wa Bi Kinuko, wino mzito:
"Figili. Usifute."
Nikataka kucheka. Hii ni ya kuandikwa mara moja,
haifutiki hata ukiiomba.
Sikucheka.

Televisheni ya mkoa ilipita kwao mwaka ule,
ikamkuta akitundika figili juu ya moshi wa mti wa cheri.
Dakika nne, aproni ya buluu,
anamkemea mpiga picha asikanyage kamba.
Diski hakuifunga. Alisema bado ina nafasi,
na nafasi tupu kwake ilikuwa deni.
Kisha akafa yeye, mashine ikamfuata,
na binti yao aliye Sapporo huiulizia kila mwaka mpya.

Miezi mitatu nilimtafuta pacha wa mashine ile.
Nikampata Odate, ghalani, katikati ya majiko mabovu,
jicho lake la leza limefifia kama la paka mzee.
Nikalipangusa.
Diski ikazunguka, ikasita, ikazunguka —
"We! Kamba hiyo!"
Mzee akavua kofia.

Skrini ikauliza: Ifungwe? Zimebaki dakika 22.
Nikapeleka kidole. Akanishika mkono.
"Ijaze kwanza."
Kwa nini? Mawimbi ya zama zile yalishazimwa,
antena ya mashine hii haisikii hata mvua.
Nikachomeka kamera kwa waya wa njano,
nikaielekeza kwetu.

Basi tumo humo, wanaume wawili na buli la chai,
dakika ishirini na mbili.
Yeye alikohoa mara moja. Mimi nilitazama saa, mara nyingi.
Nje gari la kusukuma theluji likapita, likarudi.

Ndipo nikabonyeza.
Usizime umeme, ikasema,
nasi tukasubiri kama wanaosubiri wali uliopaliwa makaa,
hakuna wa kufunua.

Sasa yeyote ataiona, Sapporo au kwingine,
na hakuna wa kuiongezea neno.
Mzee akairudisha ndani ya soksi,
akauliza bei ya ule waya.