Kila Dakika Kumi

Baba hakuwahi kukipenda kipanya.
"Kubofyabofya," alisema, "ni kwa mtu asiyejua anachotaka."
Yeye alijua, akaandika:
dirisha jeusi, kishale kikikonyeza,
mstari mmoja wa amri, mkavu kama mkate wa juzi:
piga picha skrini nzima,
ipe jina la tarehe na saa,
lala dakika kumi, amka, rudia.

Ilikuwa dawa ya ugonjwa mdogo tu.
Kompyuta yake kuukuu ilizoea kuganda usiku,
na Endel Kask, fundi mstaafu wa rada ya hali ya hewa,
hakuvumilia kosa lisilo na shahidi.
Kosa likapatikana. Feni. Akaibadilisha kwa euro tisa.
Amri akaisahau.

Sasa ni Machi, Kuressaare ina theluji chafu kandokando ya njia,
jirani Vaike ameleta supu ya kabichi, ameondoka bila neno,
nami nimeketi kwenye kiti kilichobonyea kwa umbo la mwingine
nikifungua folda ya picha laki moja na ushei.

Sataranji. Sataranji. Ramani ya barafu ya Ghuba ya Riga.
Bei ya dawa za presha. Sataranji, anashindwa.
Skrini tupu saa nane usiku, saa tisa, saa kumi:
mtu amelala, shahidi yu macho.
Mapishi ya keki ya mdalasini, siku ileile
niliyopiga simu kusema siji.

Kisha Novemba kumi na nne, saa nane na dakika arobaini usiku:
ukurasa mweupe, jina langu.
"Liisbet, yale niliyosema siku tuliyomzika mama yako
hayakuwa yangu, yalikuwa ya hasira, nami nili"
Saa nane na hamsini: mstari mmoja.
Saa tisa kamili: jina langu na mkato.
Saa tisa na kumi: sataranji. Farasi wake yu hatarini.

Maji yakimwagika hayazoleki, tuliambiwa.
Haya yamezoleka, kijiko kimoja,
yangali yakitikisika.

Chini ya folda picha mpya imeingia:
barua yake, nami nimeifungua.
Amri ingali hai. Ningeiua kwa vitufe viwili,
mwenyewe alinifundisha nikiwa na miaka tisa.
Vidole vikafika. Vikakaa.

Nikafungua ukurasa mweupe.
Nikaandika nilichokuwa nacho, tahajia ovyo,
kisha nikangoja, mikono mapajani, supu ikipoa,
hadi saa ya pembeni mwa skrini ikatimiza dakika ishirini.
Hakuna kilichomulika, hakuna kilicholia;
Baba alichukia vyombo vya kupiga kelele.
Nikahesabu hadi tatu, kwa uhakika,
nikaanza kufuta kutoka mwisho,
herufi moja moja.